Mtoto anavuka njia nne: barua ya wazi kwa wanaoliongoza Jiji la Mbeya

Kwa Mkuu wa Mkoa wa Mbeya, Mstahiki Meya, Mkurugenzi wa Jiji, waheshimiwa madiwani wa kata zote, na mameneja wa wakala za barabara, TANROADS na TARURA, mkoani kwetu.

Waheshimiwa, salaam.

Mkija kwenye mikutano ya hadhara huwa mnaanza na "Ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, nasi tunashangilia maana tunaona mmetuheshimu. Leo niruhusuni nianze mimi. Ndaga fijo kwa barabara. Upanuzi wa barabara kuu ya TANZAM, ile iendayo Zambia, kuwa njia nne, kutoka Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29, ni kitu tulichokililia. Mimi nina genge la viazi Soweto, hapa hapa Mbeya. Lori likilala Uyole, viazi vyangu vimelala nalo, na mteja wa Mwanjelwa hasubiri. Kwa hiyo asije mtu akasoma barua hii akasema yule mama anapinga maendeleo.

Lakini mimi pia ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi, na huko ndiko barua hii inakotoka. Barabara zetu, viwanja vyetu, stendi zetu na taa zetu hupangwa na watu wanaofika kikaoni kwa gari. Mtoto wa darasa la kwanza, ambaye akisimama kando ya semitrela macho yake yanaishia kwenye tairi, hakuwepo kwenye kikao na hakuna aliyemwakilisha. Ombi langu lote ni hilo: aingizwe kikaoni, kwenye ramani na kwenye bajeti, mapema, kabla hatujaanza kukumbuka shuka kumekucha.

Tupige hesabu kidogo, ya genge tu. Tuseme kila njia ya barabara ina upana wa mita tatu na nusu. Njia nne ni mita 14. Mtoto wa miaka saba mwenye begi mgongoni na mdogo wake mkononi anatembea kama mita moja kwa sekunde, kwa hiyo anahitaji sekunde 14 kufika ng'ambo. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo kasi ya juu ambayo sheria ya usalama barabarani inairuhusu kwenye makazi, hukata karibu mita 14 kila sekunde. Ina maana mtoto akiinua mguu, gari lililo umbali wa karibu mita 200 linaweza kumkuta bado yumo barabarani. Dereva akiwa kwenye kilomita 80, na sote tunajua wanavyoteremka wakishaona barabara nyeupe, umbali huo unapita mita 300. Nani kati yetu anaweza kumfundisha mtoto wa miaka saba kukadiria mita 300?

Sasa wekeni kisiwa katikati, mahali pa kusimama palipoinuliwa, penye kingo. Mtoto anavuka mita saba, anasimama, anaangalia upande wa pili, anavuka saba nyingine. Gari la kuogopa ni lililo ndani ya mita 100 kwa kila awamu, na hilo analiona. Ni zege na rangi tu. Lakini lazima kiwepo kwenye mchoro kabla mkandarasi hajaondoka, kwa sababu kukivunjia barabara baadaye ni zabuni nyingine na miaka mingine.

Shirika la Afya Duniani limekuwa likieleza kwamba mtu mzima anayetembea kwa miguu akigongwa na gari lenye kasi ya kilomita 50 kwa saa, uwezekano wa kufa haufiki asilimia 20. Kwa kilomita 80 unakaribia asilimia 60. Hapo wanazungumzia gari dogo na mtu mzima. Semi iliyobeba mzigo mzito, ikishuka Mlima Iwambi au ikitokea Mlima Nyoka na breki zimechemka, haimo kwenye hesabu hiyo. Wakazi wa Mbeya hatuhitaji kuelezwa miteremko ile imetufanyia nini. Shirika hilohilo linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani. Zinatangulia malaria na UKIMWI, magonjwa ambayo tuna kampeni zake, bajeti zake na fulana zake.

Kuna jambo jingine la kwetu sisi wa nyanda za juu ambalo sijawahi kulisikia likijadiliwa. Ratiba ya shule ni moja nchi nzima, jua si moja. Mbeya tuko magharibi, na mwezi Julai jua letu huchomoza saa moja asubuhi hivi, Dar es Salaam likiwa limeshatoka kitambo, dakika 25 na ushee kabla yetu. Mwanafunzi anayetakiwa kufika shuleni saa moja au kabla yake kwa ajili ya usafi, na anakaa Itezi au Mwakibete ndani kabisa, anaondoka nyumbani gizani. Ongezeni baridi ya Juni na Julai, ongezeni ukungu unaoshuka kutoka mlima Loleza. Asubuhi moja ya namna hiyo nilisimama kando ya barabara kuu nikisubiri mzigo. Niliona kwanza soksi nyeupe, jozi tatu, zinatembea zenyewe kwenye ukungu. Miili yenye masweta ya rangi nzito nimeiona wakati wamenifikia. Bodaboda aliyekuja nyuma yao alikuwa na taa moja, na hiyo moja inaangaza juu.

Hapo sidai hata senti. Kusogeza saa ya kuripoti kwa nusu saa katika miezi hiyo miwili au mitatu ni kikao kimoja cha Afisa Elimu na walimu wakuu. Na kama kuna mwongozo wa juu unaozuia, basi Mkuu wa Mkoa ndiye mwenye sauti ya kuuliza huko juu. Ukanda wa kitambaa kinachong'aa mgongoni mwa sweta la shule nao mafundi cherehani wetu wanaweza kuushona wakiambiwa uwe sehemu ya sare.

Nirudi kwenye ofisi zenu, na hapa naomba mnivumilie. Barabara kuu ni ya TANROADS. Barabara za mitaa ni za TARURA. Shule ni ya Jiji. Trafiki ni wa Polisi. Mtoto anakanyaga mamlaka zote hizo kwa robo saa, na hajui ametoka ya nani ameingia ya nani. Barua ya kamati yetu ya kuomba kivuko iliwahi kuzunguka kutoka meza moja hadi nyingine, kila meza ikieleza kwa upole kabisa kwamba hilo liko chini ya wenzao. Sitaji ni meza zipi, maana sina ugomvi na mtu, na waliotupokea walitupokea vizuri, kiti tulipewa. Ila barua yenye heshima zote haijachora hata mstari mmoja mweupe kwenye lami.

Na sheria haikuacha nafasi ya kutupiana mpira. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 94, inaipa mamlaka ya serikali ya mtaa jukumu la kulinda na kuendeleza ustawi wa mtoto katika eneo lake. Katika eneo lake, si katika barabara zake tu. Kwa hiyo hata kama lami ni ya mwingine, Mkurugenzi, mtoto aliye juu ya lami hiyo ni wako. Wewe ndiye wa kubisha hodi kwa hao wengine, si mama wa genge.

Kazi yenyewe haihitaji wataalamu wa kutoka mbali. Dar es Salaam shirika la Amend lilianzisha mpango unaoitwa SARSAI, wa kukagua maeneo ya shule na kuyarekebisha, na mwaka 2019 mpango huo ulipata tuzo ya miji ya WRI Ross Center, ukishindana na miji ya dunia nzima. Walichofanya si miujiza. Matuta, zebra, njia ya miguu iliyotenganishwa na magari, vigingi vya kuzuia bodaboda wasipande kwenye njia hiyo, na mahali pengine kuhamisha geti la shule kutoka barabara yenye magari mengi kwenda upande wenye utulivu. Hilo la geti linanikuna sana. Kuna shule hapa kwetu ambazo geti linafungukia moja kwa moja kwenye vumbi la magari, na nyuma ya shule hiyohiyo kuna kichochoro ambacho hata bajaji haipiti. Matofali, zege, fundi, wiki moja. Wazazi tutachangia mchanga.

Tukijenga, tujenge kwa wote. Mtoto wa kiti mwendo akikuta kingo ya njia ya miguu imeinuka bila mteremko, njia hiyo hakujengewa yeye. Atarudi kwenye lami na magari. Mtoto asiyesikia, honi haimsaidii kitu, na madereva wetu wengi wanaamini honi ni breki. Mtoto mwenye uoni hafifu anahitaji mtaro uwe na mfuniko. Na hili la mifuniko si la mtoto mwenye ulemavu peke yake: mji wetu uko mteremkoni, mvua ikinyesha Isanga na Itiji maji yanashuka kwa hasira, na mtaro usiofunikwa wakati huo hauonekani, maji yamejaa yamelingana na barabara. Ile ya chuma huondoka usiku kwenda kwa wanunuzi wa chakavu, kwa hiyo wekeni ya zege.

Sasa michezo. Najua hapa kuna atakayecheka.

Mwaka 2012 sensa ilitukuta 385,279 katika Jiji. Mwaka 2022 tulikuwa 541,603. Ndani ya miaka kumi watu zaidi ya 150,000 wameongezeka, na sehemu kubwa ya waliopo ni watoto, kama ilivyo nchi nzima. Nyumba zimeongezeka, fremu za maduka zimeongezeka, baa sizisemi. Niambieni kiwanja cha kuchezea kilichoongezeka. Mtaani kwetu palikuwa na eneo la wazi ambalo kila mtu alijua ni la watoto. Jioni utakuta wasichana wanacheza rede upande huu, wavulana chandimu upande ule, wadogo wamejichimbia shimo la mdako kwenye kona. Siku moja zikaja nguzo. Kisha seng'enge. Aliyezileta alisema ana hati, na hati akaionyesha kwa mbali, kama kadi nyekundu. Leo pale kuna sehemu ya kuoshea magari. Watoto wamehamia barabarani, na chandimu sasa ina kanuni mpya: akipita mwenye gari mnasimamisha mpira, akipita bodaboda mnamkwepa.

Kucheza si anasa wala utundu. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Mtoto kinakutaja kucheza na kupumzika pamoja na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, kwenye orodha moja. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, umekuandika kwenye ibara ya 31. Na lengo la 11 la Maendeleo Endelevu linataka ifikapo 2030 kila mtu awe na eneo la wazi lililo salama na jumuishi, likiwataja wanawake, watoto, wazee na watu wenye ulemavu.

Ninachoomba hapa ni cha wazi mno. Ramani za mipango miji mnazo. Bandikeni kwenye ofisi ya kila mtaa orodha ya maeneo ya wazi ya mtaa huo, na ukubwa wake, kama mnavyobandika matangazo mengine. Wakazi wakijua kwamba kiwanja namba fulani ni cha umma, mwenye nguzo akija atakutana na kina mama wa mtaa kabla hajakutana na mwanasheria. Pale ambapo eneo limeshaliwa na haliwezi kurudi, fungueni viwanja vya shule jioni na Jumamosi, chini ya mlinzi anayelipwa kidogo na mtaa. Shule nyingi zina uwanja uliofungwa kwa kufuli huku watoto wa shule hiyohiyo wanacheza barabarani mita 50 kutoka getini. Mimi mwenyewe ni mjumbe wa kamati na nakiri hoja ya walimu: vioo vitavunjwa, bomba litaachwa wazi. Ndiyo, vitavunjika. Kioo kinanunulika.

Kuhusu giza la jioni nitasema kwa ufupi kwa sababu wanaolifahamu wanalifahamu, na asiyelifahamu amwulize binti yeyote wa sekondari anapita wapi akitoka kwenye masomo ya jioni. Atakutajia pagale. Kila mtaa una pagale lake, nyumba iliyoishia kwenye lenta, nyasi zimeota chumbani, chupa zimejaa ukumbini, na njia ya mkato inapita ubavuni. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulionyesha kuwa karibu wasichana watatu katika kila kumi walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na wavulana zaidi ya mmoja katika kumi. Madawati ya Jinsia na Watoto ya Polisi yapo, namba ya simu ya msaada kwa watoto, 116, ipo na haina gharama kupiga. Hayo ni ya baada ya tukio. La kabla ya tukio ni taa, na ni mwenye pagale kupewa notisi ya kuziba milango na madirisha kwa tofali kama hana fedha za kumalizia. Mtendaji wa mtaa anawajua wote kwa majina.

Wale wa Kabwe na stendi ya Nanenane, wanaouza karanga na mayai ya kuchemsha madirishani mwa mabasi, nao ni watoto wa Jiji hili hata kama wametoka vijijini juzi. Msako wa mgambo unawaondoa Ijumaa, Jumatatu wamerudi. Maafisa ustawi wa jamii ndio wenye kazi hiyo, na ni wachache mno. Mkitaka kuona nia ya Jiji, angalieni wana usafiri gani na mafuta ya lita ngapi kwa mwezi.

Tunafika kwenye fedha. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mimi ni mmoja wa wanaofaidi utaratibu huo na nauheshimu. Mtoto hakopi, hana kikundi, hapigi kura, kwa hiyo hana asilimia. Mtaniambia shule na zahanati ni bajeti ya watoto. Ni kweli. Lakini njia ya kutoka nyumbani hadi shuleni haimo kwenye bajeti ya elimu wala ya afya, na kiwanja cha rede hakimo popote. Sidai asilimia mpya iandikwe Dodoma. Nadai kifungu kimoja kwenye bajeti ya Jiji, chenye jina linaloeleweka, "njia za shule na viwanja vya watoto", ambacho diwani wangu anaweza kukiuliza kwa jina lake kila robo mwaka, Baraza la Madiwani likikaa, kimetumika kiasi gani na wapi.

Na kabla ya kukijaza, waulizeni wenyewe. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Mtoto kinasema mtoto ana haki ya kutoa maoni na kushiriki katika maamuzi yanayomhusu. Mabaraza ya watoto yapo kwa mwongozo wa serikali yenyewe, ila mengi tunayaona Siku ya Mtoto wa Afrika tu, tarehe 16 Juni, yamevaa sare, yanasoma risala iliyoandikwa na mwalimu. Mpeni kila mtoto wa darasa la tano karatasi moja achore njia yake ya kwenda shule na atie alama nyekundu mahali anapoogopa. Kamati yetu ilijaribu na darasa moja. Sisi watu wazima tulikuwa na hakika alama zote zitakuwa barabara kuu. Nyingi zilikuwa hapo kweli. Ila alama zilizofuata kwa wingi zilikuwa mbwa wa nyumba moja yenye geti bovu, daraja la mbao lisilo na ukingo, na kijiwe cha bodaboda ambapo wasichana huitwaitwa. Hakuna mhandisi ambaye angeyaandika hayo, na mawili kati ya matatu hayahitaji zabuni.

Karatasi hizo ninazo, zimetunzwa kwenye bahasha. Nitazileta siku yoyote mtakayopanga, na wajumbe wenzangu wako tayari kuwatembeza mhandisi wa barabara kuu, wa TARURA, Afisa Mipango Miji na trafiki njia hiyo kwa miguu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, siku ya shule, mwezi Julai. Njooni na makoti. Tunaomba majibu ya maandishi kabla bajeti ijayo haijapelekwa kwenye Baraza, hata kama jibu ni kwamba fedha hakuna.

Wenu katika ujenzi wa Jiji,

Mama wa genge, Soweto, Mbeya

Nakala kwa:
Afisa Elimu Msingi na Afisa Elimu Sekondari wa Jiji
Mkuu wa Kikosi cha Usalama Barabarani, Mkoa wa Mbeya
Afisa Ustawi wa Jamii wa Jiji
Wenyeviti wa mitaa yote inayopakana na barabara kuu, kuanzia Nsalaga hadi Iwambi, kwa kubandikwa kwenye mbao za matangazo